Chungu Kimoja, Sahani Yenye Mpango: Mazungumzo ya Lishe kwa Familia Yenye Mgonjwa wa Kisukari



Katika nyumba nyingi, siku mtu anapoambiwa ana kisukari, kitu cha kwanza kubadilika ni chungu. Mgonjwa hutengewa sufuria yake ndogo na unga wake wa bei ghali, akala peke yake. Baada ya wiki mbili unga umekwisha, pesa hazipo, naye amechoka kutengwa. Anarudi kula kama zamani, tena kwa kificho. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu sukari iliyozidi katika damu kwa muda mrefu huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu, na mara nyingi mgonjwa hahisi lolote mpaka madhara yamekwisha kuingia.

Habari njema ni kwamba mwenye kisukari hahitaji chungu chake. Chakula kinachomfaa kinaifaa familia nzima. Kinachohitaji mpango ni sahani.

Sahani igawanywe nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza iwe mboga: sukuma wiki, mchicha, mnavu, kabeji au bamia. Nusu ya pili igawanywe tena. Robo moja iwe ugali, wali, muhogo au kiazi kitamu. Robo iliyobaki iwe samaki, maharagwe, kunde, ndengu, yai, au nyama isiyo na mafuta mengi. Asiye na sahani pana atumie mkono wake: ugali usizidi ngumi, samaki atoshe kiganja bila vidole, na mboga zijae viganja viwili.

Robo hiyo ya wanga ndiyo inayowatatiza wengi. Kwenye harusi, sahani moja hubeba wali, chapati na viazi. Vyote vitatu ni wanga, na vyote hugeuka sukari mwilini. Mwenye kisukari achague kimoja.

Wengine huamini kwamba ugali wa wimbi au mtama hauongezi sukari. Sivyo. Unga usiokobolewa una nyuzinyuzi zaidi, kwa hiyo ni bora kuliko ule mweupe, lakini bado ni wanga. Bonge kubwa la ugali wa kahawia litapandisha sukari. Uji laini nao huingia mwilini haraka, hata usipotiwa sukari. Kikombe kimoja kinatosha. Asali pia ni sukari, ijapokuwa imetoka mzingani.

Upande wa vinywaji, soda ya mililita 300 inaweza kuwa na gramu 30 za sukari, yaani vijiko vidogo saba hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima, hata asiye na kisukari, asizidishe gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, na zikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Matunda hayakatazwi. Chungwa moja au vipande vichache vya embe ni sawa; gilasi ya juisi iliyokamuliwa kwa maembe matatu ni jambo jingine.

Siku moja inaweza kupangwa hivi. Asubuhi, chai ya maziwa bila sukari, kipande cha muhogo wa kuchemsha na yai au mbaazi zilizopikwa kwa tui jepesi. Mchana, wali kiasi, maharagwe na kabeji. Jioni, ugali wa ngumi moja, samaki wa kuchemsha au kupaka, na mchicha kwa wingi. Hakuna kitu hapo kisichopatikana sokoni.

Kupunguza chakula si kuruka mlo. Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kisukari, akikosa kula sukari yake inaweza kushuka mno. Atatetemeka, atatoka jasho, moyo utaenda mbio, na anaweza kuongea kama mlevi. Ikiwa yu macho na anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji. Baada ya dakika 15 apimwe. Kipimo kikiwa bado chini ya 4, arudie. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu chochote kinywani, akimbizwe hospitalini. Kwa sababu hiyo pia, anayetaka kufunga Ramadhani au Kwaresima azungumze kwanza na kliniki yake ili dawa zipangwe upya.

Sukari ikishuka kwa sababu ya lishe, mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake, wala kwa ushauri wa muuza miti shamba. Ni daktari atakayeamua kupunguza. Mwenye shida ya figo pia apate mwongozo wake kliniki, maana vyakula vingine vitahitaji kipimo tofauti.

Aina ya pili ya kisukari, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, hufuata damu ya ukoo. Mtoto anayekula sahani moja na babake mgonjwa, yenye mboga nusu, haadhibiwi, anakingwa. Asiyejua hali yake apimwe katika kituo cha afya kilicho karibu, au amuulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.