Hija ya Miguu na Maisha ya Mji



Kwa jubilei hii tulikwenda kwa miguu toka Likasi mpaka kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo la Lubumbashi, kilometa 120 hivi. Kwenda siku tano. Kurudi kwa basi, saa chache tu. Tumeombwa kueleza tuliyoyaona, nasi tutasema juu ya mji kuliko juu ya njia.

Hija ya namna hii si jambo geni. Kila mwaka, kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni, Wakristu wa Uganda, Kenya na Tanzania hutembea siku nyingi mpaka Namugongo, mahali Karoli Lwanga na wenzake walipouawa mwaka 1886. Hata wazee walioujenga mji wetu, ulioitwa Jadotville hadi 1966, walitoka mbali, Kasai, Rwanda, Rodesia ya Kaskazini, na wengine walifika kwa miguu.

Barabarani makamyo ya shaba na kobalti yalitupita mchana na usiku. Pembeni magunia ya makala yalingoja wanunuzi. Kati yetu sheria ilikuwa moja: mwenye mwendo wa pole ndiye anayetangulia. Basi, toka siku ya pili mama mmoja mzee aliongoza kundi zima. Vijana walinung'unika kwanza. Kisha wakamchukulia mzigo.

Jioni, penye moto, mama huyo alitueleza maisha yake. Mume wake alikuwa kati ya wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walioacha kazi katika miaka 2003 na 2004 kwa mpango ulioitwa wa hiari (hiari ambayo wengi hawakuiona). Sasa ni mjane, anauza makala kwa mafungu madogo, na siku nyingine hulala bila bukari. Majirani hawakujua, wala yeye hakusema, maana mjini njaa ni aibu. Porini alisema.

Zamani king'ora cha kampuni kiliwaamsha wote saa ileile, na posho ilihesabiwa nyumba kwa nyumba. Hatuzitamani siku zile. Wakubwa wa kambi walijua hata mambo yasiyowahusu. Lakini mwenye shida alionekana. Leo mmoja anakimbilia pikipiki yake, mwingine shimo la madini, mwingine soko, na jioni kila mtu anafunga mlango wa lupango lake. Tumekuwa wengi, na hakuna anayepunguza mwendo.

Kwa sababu hiyo, baada ya Misa ya shukrani, wahiji hatukuvunja kundi. Kila Ijumaa jioni tunapita lupango kwa lupango pamoja na shirika la msingi la mtaa. Mama yule angali anatangulia, kwani ndiye anayejua ni malupango yapi hayatoi moshi.