Fataki za maumbo: uzuri ni wa angani, hatari ni ya nyumbani

*Hotuba kwa wenye hoteli na vijana wa Malindi na Watamu kabla ya mkesha wa Mwaka Mpya*



Kila mkesha wa Mwaka Mpya watu hujaa ufuoni kutazama fataki. Zinazoshangiliwa zaidi ni zile zinazochora umbo: moyo, nyota au uso unaocheka. Kijana akishaziona huuliza: je, hizi haziwezi kutengenezwa nyumbani?

Swali hilo linastahili jibu kamili. Ndani ya tufe la karatasi ngumu, fundi hupanga vidonge vinavyowaka kwa rangi, vikafuata umbo la moyo. Tufe likipasuka, vidonge husukumwa nje kwa pamoja, na moyo hukua bila kupoteza umbo. Lakini tufe hubingirika likipaa. Likipasuka likiwa limelala ubavu, mtazamaji huona mstari tu. Ndiyo maana mafundi hurusha kadhaa za umbo moja, angalau moja iwaelekee watu.

Kule Malta, wanavijiji hutengeneza fataki za sikukuu za watakatifu wao kwa kujitolea, wakiwa na leseni. Kazi hiyo wameirithi kwa wazee wao. Hata hivyo, Septemba 2010 kiwanda cha fataki katika kisiwa cha Gozo kililipuka na kuua watu 6. Ikiwa wazoefu hupatwa, anayejifunzia jikoni kwa kutazama video ana kinga gani? Msuguano mdogo au cheche moja yatosha.

Hapa Kenya, Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, hairuhusu mtu kutengeneza vilipuzi bila leseni, hata kama ni vya kujifurahisha.

Pwani ina sababu zake zaidi. Paa la makuti makavu hushika moto upesi, na upepo wa kaskazi hurusha cheche hadi paa la jirani. Watamu nako kasa hutaga mchangani, na watoto wao hufuata mwanga ili kuifikia bahari. Mwanga wa ufuoni huwapoteza njia.

Kwa hiyo wenye hoteli watumie mafundi wenye kibali, wawashe mbali na makuti na mahali kasa wanapotaga, na wawe na maji tayari. Fataki isiyolipuka isiguswe wala kuinamiwa. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe hospitali. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Na kijana anayevutiwa na rangi hizo aanzie maabara ya shule, chini ya mwalimu wa kemia. Atajua kwa nini strontiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani na shaba buluu, na atatoka na vidole vyake vyote kumi.