Brashi ni Rahisi, Safari Ndiyo Ghali

Mazungumzo na kikundi cha akina mama, Wusi



Mlitaka tuseme juu ya kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi ambacho mwanamke hujichukulia mwenyewe nyumbani. Watu wanakisifu ati ni rahisi. Ni kweli, lakini tuulize pia: gharama yake inaenda wapi?

Ugonjwa huu huletwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikikaa miaka mingi ndipo huharibu mlango wa kizazi. Hapa Kenya saratani hii huua akina mama zaidi ya 3,000 kila mwaka.

Mama hupewa kijiti chenye brashi laini. Akiwa faragha anakiingiza ukeni, anakizungusha, kisha anakitia kwenye chupa yake. Basi. Hakuna kulala kitandani mbele ya mtu. Mwongozo wa Serikali wa mwaka 2018 unaitambua njia hii.

Sasa hesabu. Mama wa hapa akienda Wundanyi au Mwatate kupimwa, hata asipotozwa kitu, kuna nauli, kuna chai, kuna siku nzima ya shamba, na kama alikuwa na mboga za kuuza, soko limempita. Tuseme mama 100 wamejipima nyumbani na 20 wamepatikana na kirusi. Wale 80 hawakusafiri bure, tena watakaa miaka mitano kabla ya kupima tena. (Wenye virusi vya UKIMWI hupima mapema zaidi.)

Brashi yenyewe si ghali. Ghali ni kuipima. Mashine ya GeneXpert, ile inayopima kifua kikuu, inaweza kupima HPV pia, lakini kila sampuli hula katriji yake, na katriji hutoka ng'ambo. Mfadhili akiondoka, brashi zitabaki kabatini.

Lakini kuna jambo linalotusumbua zaidi. Huko Migori, mwaka 2016, vijiji 12 viligawanywa. Katika nusu yake akina mama walijichukulia sampuli kwenye kambi za afya karibu na nyumbani. Katika nusu nyingine walijichukulia kliniki. Kambi ziliwafikia karibu 60 katika kila 100, kliniki 37. Vizuri sana! Lakini pande zote mbili, chini ya nusu ya waliopatikana na kirusi ndio waliofika kutibiwa. Fedha za kuwapima waliobaki zilikwenda wapi? Na wao wenyewe walibaki na habari mbaya mkononi.

Tiba ya mapema si kubwa. Mara nyingi ni kuchoma sehemu iliyoharibika kwa kifaa cha joto, dakika chache, na mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Akichelewa mpaka iwe saratani, huenda akahitaji mionzi, na hiyo kwetu ni Mombasa, wiki tano hivi za kwenda karibu kila siku. Ng'ombe atauzwa, na shamba pia.

Kwa hiyo kabla hatujaomba brashi kwa mtu yeyote, tutenge nauli ya wale watakaoitwa. Tukichukua mfano ule ule: mama 20, kila mmoja shilingi 500, ni 10,000. Tukiwa 100, ni shilingi 100 kwa kila mtu. Matanga tunayachangia kwa siku moja, tena kwa zaidi ya hapo.

Ila nauli isitolewe hadharani. Mweka hazina akiita majina mbele ya kikundi, jioni kijiji kizima kinajua. Tunaona heri mhudumu wa afya wa kijiji aipeleke pamoja na jibu, ndani ya bahasha, na kila aliyepimwa apelekewe bahasha inayofanana, hata kama ndani mna karatasi tu.

Nanyi wazee, mke akipatikana na kirusi hiki si ushahidi wa uzinzi. Kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, na huenda ni wewe uliyekileta. Msimzuie kwenda kutibiwa.

Tuanze na hilo la nauli. Mwenye swali asimame.