Panya Asiyemwogopa Paka
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Faza)



Wahenga wamesema, paka akiondoka panya hutawala. Panya humjua paka kuwa ni adui. Hata panya aliyezaliwa kizimbani, hajapata kuona paka maishani, akinusa mkojo wa paka hukimbia. Woga huo kazaliwa nao. Leo tumzungumze panya aliyeupoteza, maana habari yake inafika mpaka kwenye majabia yetu na kwa mama wajawazito.

Kuna kimelea kisichoonekana kwa macho, kiitwacho toksoplazma. Kiligunduliwa mwaka 1908 huko Tunis, ndani ya mnyama wa jamii ya panya. Huweza kuishi katika panya, ndege, mbuzi na hata mtu. Lakini mayai yake hutoka kwa paka na jamaa zake tu. Sasa jiulizeni: kikiwa ndani ya panya, kitafikaje kwa paka? Lazima panya aliwe.

Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walieleza jaribio lao. Waliwaacha panya usiku mahali penye harufu mbalimbali: ya panya mwenyewe, ya sungura, na ya paka. Wazima waliikwepa harufu ya paka. Wenye kimelea hawakuijali, na baadhi yao waliifuata!

Kimelea hicho hujificha ubongoni ndani ya vifuko vidogo. Ubongo nao hupeleka habari zake kwa kemikali. Mojawapo ni dopamini, inayohusika na hamu na msukumo wa kutenda. Mwaka 2009 ilionekana kwamba kimelea kina jeni za kusaidia kutengeneza dopamini, na mwaka 2011 seli zilizoambukizwa zilikutwa na dopamini nyingi. Wataalamu wengine walipopima hawakupata hivyo, kwa hiyo ubishi ungali upo. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba panya mwenye vifuko vingi hupungukiwa na woga wa kila kitu, si wa paka tu.

Mtu atasema, panya wa Uingereza watuhusu nini sisi wa Faza? Watuhusu, kwa sababu paka akishamla panya wa namna hiyo, humwaga mayai mamilioni katika kinyesi chake kwa wiki moja hadi tatu. Kinyesi kibichi hakiambukizi. Mayai huiva baada ya siku moja hadi tano, kisha hukaa miezi mingi kwenye udongo wenye unyevu. Mvua ikinyesha, huweza kusombwa hadi kwenye maji.

Watu wengi huambukizwa wasijue, wala wasiugue. Hatari ni kwa mama anayeambukizwa mara ya kwanza akiwa na mimba: mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho au ubongo. Pia mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka huweza kupata ugonjwa wa ubongo. Mbuzi nao hutupa mimba.

Basi tufanyeje? Tuue paka? La hasha! Panya watajaa stoo. Tufanye haya:

1. Jabia na visima vifunikwe. Pale pa kukingia maji pafagiliwe kabla ya mvua.
2. Maji ya kunywa yachemshwe. Dawa ya klorini haiui mayai haya.
3. Kinyesi cha paka kizolewe kila siku na kufukiwa mbali na kisima. Mjamzito asiifanye kazi hiyo, aifanye mwingine.
4. Nyama iive mpaka ndani, na maziwa ya mbuzi yachemshwe. Mboga zioshwe vizuri, na mikono kwa sabuni baada ya kulima.
5. Paka wa nyumbani apewe chakula kilichopikwa, si nyama mbichi.
6. Mjamzito aende kliniki mapema na kumweleza muuguzi wasiwasi wake.

Panya yule hakujua kwamba yuko hatarini. Sisi tumeshajua.

Ya kujadili kikundini: Ni jabia ngapi mtaani kwetu ziko wazi? Nani atazifunika, na lini?