Vyeti Huzeeka Kabla ya Mtu

Swali la leo limetoka Newala, kwa mwalimu wa Kemia na Biolojia mwenye miaka 31. Kidato cha sita alisoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), udaktari akaukosa, akaingia ualimu. Sasa anauliza: aombe kusomea udaktari mwaka huu, au kwanza ajipange? Ni swali la watu wengi, Masasi, Ndanda hata Tandahimba, na majibu wanayopewa ni mawili, yote mabaya. Nyumbani utaambiwa umri umekwenda. Huku Marekani utaambiwa hakuna anayechelewa. Mimi nasema kinachoamua lini uombe ni umri wa vyeti vyako, pamoja na masharti yanayoviandama. Ukivihesabu vizuri, mara nyingi utaona unapaswa kuanza mapema kuliko ulivyopanga, tena kwa kupitia mlango ambao hukuufikiria.

Nianze na huku, maana hiyo kauli ya kwamba hakuna anayechelewa inaniudhi. Inatoka kwa watu ambao mfumo wao umejengwa tofauti na wetu. Hapa udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza: miaka 4 ya chuo, kisha 4 ya udaktari, halafu mafunzo ya hospitali ya miaka 3 hadi 7 au zaidi. Kwa wastani wanaanza udaktari wakiwa na miaka 24 hivi, kwa hiyo mwenye 30 hamshangazi mtu, na mikopo ya serikali kuu haimuulizi mwombaji ana miaka mingapi. Lakini hata hapa karatasi huzeeka. Matokeo ya MCAT, mtihani wa kuombea udaktari, hukubaliwa na vyuo vingi kwa miaka 2 au 3 tu. Maombi hufunguliwa mwezi Mei, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya masomo kuanza, na vyuo vingi hugawa nafasi kadiri mafaili yanavyoingia. Anayetuma siku za mwisho hajavunja sheria yoyote, ila anakuta nafasi nyingi zimekwisha. Uingereza nako, dirisha la udaktari hufungwa katikati ya Oktoba, na matokeo ya mtihani wao, UCAT, ni ya msimu huo huo. Wanaokwambia usiwe na wasiwasi wanazijua tarehe hizi tangu shuleni. Wewe unayesikiliza ukiwa Newala unabaki na faraja bila kalenda.

Sasa turudi nyumbani, Tanzania. Udaktari kwetu ni miaka 5 ya shahada na mwaka 1 wa utarajali, na mtu anaweza kuingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kwa kusoma, hakuna anayekukataza kwa sababu una miaka 31. Vikwazo viko kwingine. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji asizidi miaka 35, asiwe na ajira rasmi, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka 5 iliyopita. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau. Mwalimu wetu bado hajafika 35, lakini cheti chake cha kidato cha sita kina zaidi ya miaka 10. Kwa macho ya mkopo, cheti hicho kimeshazeeka. Mbele zaidi kuna mlango mwingine: matangazo ya ajira serikalini humtaka mwombaji asiyezidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kwenye utumishi wa umma. Toa miaka 6 ya masomo na utarajali, unaona kwamba aliye nje ya utumishi anatakiwa awe darasani kabla ya kufika 39.

Kwa hiyo mlango wa mwalimu huyu huenda ukawa stashahada ya utabibu. Ni miaka 3, na msingi wake ni cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia. Akianza sasa atamaliza na miaka 34, akiwa tabibu mwenye cheti kipya, na bado yuko chini ya 35. Akisubiri miaka 2 ajipange, atamaliza na 36, na mkopo umeshampita. Miaka hiyo 2 ya tahadhari ndiyo ghali kuliko yote. Utasema njia hii ni ndefu: 3, kisha 5, kisha 1, anakuwa daktari na miaka 40. Ni kweli. Lakini umri wa kustaafu kwa lazima ni 60, na daktari bingwa serikalini huenda hadi 65. Hiyo ni miaka 20 au zaidi ya kutibu watu. Mfano ni Albert Schweitzer: alikuwa na miaka 30, tayari msomi wa teolojia na mpiga kinanda mashuhuri, alipoamua mwaka 1905 kusomea udaktari. Alifika Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, na hospitali aliyoanzisha huko ikawa kazi yake hadi alipofariki mwaka 1965. Hata kwetu si jambo geni. Kwa miongo mingi matabibu waliokuwa tayari kazini walirudi chuoni miaka 2 wakawa madaktari wasaidizi, na ndio waliofanya upasuaji mwingi wa uzazi katika hospitali za wilaya.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa na ukoo. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba ana wapwa wanaomtazama, na mwenye mshahara akirudi darasani, ada za watoto kadhaa zinayumba. Sitalipuuza hilo. Ninachopinga ni ile ahadi kwamba tutalipa korosho zikiuzwa. Minada huanza Oktoba, na vyuo navyo hudai ada na usajili miezi hiyo hiyo, kabla fedha hazijashuka kutoka chama cha msingi cha ushirika. Msimu wa 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei ilisikika vizuri, lakini uhakiki ukawachelewesha wakulima wengi kupata malipo. Ada ya mwaka wa kwanza itoke kwenye korosho za mwaka uliopita, ziwe tayari benki. Kusubiri ukusanye ada ya miaka yote ni kosa. Kuanza ukitegemea mnada ambao haujafanyika ni kosa pia.

Wengine watasema madaktari wapo mtaani hawana ajira, ya nini kuacha kazi? Hoja hii ina uzito, na ndiyo inayonifanya niipende njia ya stashahada: ukikwama katikati, una taaluma ya kufanyia kazi kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali ya misheni. Ndiyo inayonifanya pia niseme mwalimu asijiuzulu haraka. Aombe ruhusa ya masomo, aulize mapema utaratibu wa kubadilishiwa kada, ajue kwamba mwajiri anaweza kukataa, na kwamba akifika kwenye udaktari akiwa bado na ajira rasmi, mkopo hataupata. Na maeneo haya yana hitaji la madaktari. Daktari Mwingereza Leader Stirling alifika Lulindi, Masasi, mwaka 1935, na miaka 40 baadaye akawa Waziri wa Afya. Aliipenda nchi hii, lakini eneo halipaswi kuishi kwa kutegemea bahati ya kumpata mgeni wa namna hiyo. Mtu mzima mwenye nyumba, mikorosho na wazee Newala ana sababu za kubaki ambazo kijana aliyepangiwa kutoka mbali hana.

Sasa, haraka haraka, hatua za kuchukua. Toa cheti cha kidato cha nne leo ukitazame: ili stashahada ikufikishe kwenye udaktari, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) huangalia pia Hisabati na Kiingereza, na Hisabati ndiyo inayowakwamisha wengi. Kama ina F, jisajili mtahiniwa wa kujitegemea urudie. Lenga GPA ya 3.0 au zaidi kwenye stashahada. Soma mwongozo wa mwaka unaoomba, usitumie wa jirani. Ukishawishiwa kwenda nje, wasiliana na TCU na Baraza la Madaktari kabla ya kulipa chochote; vita ya Ukraine ya 2022 iliwakatizia Watanzania masomo. Kisha andika tarehe tatu: cheti chako kinafikisha miaka 5 lini, wewe unafikisha 35 lini, na 45 lini. Iliyo karibu zaidi ndiyo itakayokwambia uombe mwaka gani. Kwa mwalimu wa Newala, hesabu inasema aombe stashahada dirisha lijalo.