URANI YA NG'AMBO YA ZIWA
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama



Nimetakiwa na Halmashauri nizungumze juu ya silaha za maangamizi na juhudi za kuziondosha duniani. Najua yuko atakayeuliza: sisi wavuvi na wakulima wa karafuu tuna nini na bomu la atomiki? Nitamjibu kwa safari yangu ya Ujiji.

Huko nilikaa barazani na mzee mmoja wa Kimanyema, ambaye asili ya watu wake ni Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Aliniashiria magharibi akasema kuwa mali ya huko yote imepita hapa: pembe, watumwa, kisha shaba. Ni kweli. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1921 Waingereza wakawapa Wabelgiji sehemu yao bandarini wapitishie bidhaa za Kongo. Lakini mzee wangu hakuitaja mali moja, wala si ajabu, kwani wakati wa vita ilitolewa kwa siri, tena kwa njia ya pili, ya kuelekea bahari ya Atlantiki. Nayo ni urani ya Shinkolobwe.

Shinkolobwe iko Katanga, jimbo ambalo zamani mipaka yake ilifika hadi ufukwe wa ziwa lile, pale Kalemie. Urani ilionekana huko mwaka 1915, ikawa mikononi mwa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka New York tani zipatazo 1,200, zikawekwa ghalani, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Mawe mengine yalikuwa na oksidi ya urani kiasi cha 65 kwa mia, hali ya kuwa mawe ya Marekani kwenyewe hayakufika hata moja kwa mia. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ya mabomu ya kwanza ilitoka Kongo. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima ukateketea. Wachimbaji wa Katanga hakuna aliyewauliza ridhaa yao. Na mwaka 2004, miezi michache baada ya Rais wa Kongo kuamuru mgodi ufungwe, shimo liliwaporomokea watu waliokuwa wakichimba kobalti kwa mikono, wengine wakafa.

Afrika iliyaona mengine. Tarehe 13 Februari 1960 Wafaransa walilipua bomu lao Sahara, katika nchi ya watu. Makaburu wa Afrika Kusini wakatengeneza mabomu sita, kisha wakayavunja wenyewe na kulitangazia hilo ulimwengu mwaka 1993. Pelindaba ni mahali pa utafiti wao wa atomiki. Na jina hilo, kwa kejeli ya historia, ndilo lililopewa mkataba wa kuharamisha silaha hizi barani Afrika, uliotiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996. Tanzania iliuridhia mwaka 1998. Zilitakiwa nchi 28 ili upate nguvu, na ya 28 ilikuwa Burundi, jirani wa ziwa lile lile, tarehe 15 Julai 2009.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Mkataba huo unakataza kuipa urani nchi isiyo na bomu mpaka ikubali ukaguzi kamili wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Kwa nchi zenye mabomu tayari, kifungu hicho kimenyamaza! Nasi tunayo urani Namtumbo, mkoa wa Ruvuma. Mwaka 2012 UNESCO ilikubali kipande cha hifadhi ya Selous kikatwe kwa ajili yake, na mradi uko chini ya Rosatom, shirika la dola ya Urusi, ambayo ina mabomu.

Sisemi kuwa urani hiyo itakwenda kwenye bomu; sina ushahidi, wala sipendi uzushi. Lakini mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, kwa hivyo ni yetu pia. Naiomba Halmashauri iwatake wawakilishi wetu wa Bungeni waulize mambo matatu: nani mnunuzi, nani mkaguzi baada ya meli kung'oa nanga, na je, mkataba wa mauzo utasomwa hadharani?