Tokeni Zikiibwa, Kilichobaki Kigawanywe Vipi?

Mazungumzo kwa vikundi vya akiba, vijana na wakulima wa Meru na Embu



Kila aliyewahi kupeleka kahawa kiwandani anaujua utaratibu. Matunda yanapimwa, karani anaandika kilo, mkulima anapewa stakabadhi yake. Kuanzia hapo kahawa yake inachanganywa na ya jirani, na hakuna awezaye kuitambua tena. Wezi wakivunja stoo usiku na kubeba magunia, hakuna mkulima atakayesimama mkutanoni aseme, "Yangu haikuguswa, hii iliyobaki ndiyo yangu." Iliyoibwa ilikuwa ya wote, na iliyobaki ni ya wote. Daftari la karani ndilo litakaloonyesha sehemu ya kila mmoja.

Siku hizi kuna mali nyingine inayochanganywa hivyo hivyo, ila haionekani kwa macho. Ni tokeni na sarafu za kidijitali. Kijana wa boda boda pale Makutano anazo kwenye simu. Mwalimu wa Runyenjes anazo. Vikundi navyo vinashawishiwa kuweka akiba yao huko, mara nyingi katika mfuko mmoja unaoendeshwa na programu ya kompyuta badala ya mweka hazina. Mfuko huo ukidukuliwa, hakuna mlango uliovunjwa wala mlinzi wa kuulizwa. Linabaki swali moja gumu: kilichobaki kigawanywe vipi?

Swali hili lina uzito kwa sababu jibu baya huumiza mara ya pili. Mwizi huchukua mara moja. Mgao usio wa haki humnyang'anya mtu kile ambacho mwizi alimwachia, na safari hii anayemnyang'anya ni mwenzake.

Yaliyotokea kwingine

Yako mambo ambayo tayari yametokea duniani, na yanafaa kujulikana hapa.

Mwaka 2016 kulikuwa na mfuko wa uwekezaji ulioitwa The DAO, uliotumia sarafu ya etha. Programu yake ilikuwa na kasoro: mtu alipotoa fedha, ililipa kwanza na kupunguza salio baadaye. Ni kama karani anayekulipa kabla ya kuandika daftarini, nawe ukarudi kwenye foleni mara nyingi kabla hajashika kalamu. Tarehe 17 Juni mdukuzi alitumia kasoro hiyo kutoa etha zipatazo milioni 3.6. Baada ya mabishano ya mwezi mzima, walio wengi katika jumuiya ya Ethereum walikubali kubadilisha daftari lenyewe la mtandao tarehe 20 Julai, ili fedha ziwarudie wenyewe kwa kiwango cha etha 1 kwa kila tokeni 100. Waliopinga walisema daftari likishaandikwa halifutwi, hata kwa nia njema. Wakabaki na daftari la zamani, linaloitwa Ethereum Classic hadi leo. Fedha zilirudi, lakini jumuiya iligawanyika.

Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, soko la sarafu la Bitfinex liliibiwa bitcoin karibu 120,000. Wenye soko waliamua kugawa hasara kwa wateja wote. Kila mteja alikatwa asilimia 36 ya mali yake, hata ambaye akaunti yake haikuguswa. Badala ya kilichokatwa, alipewa tokeni ya deni, moja kwa kila dola, na kufikia Aprili 2017 tokeni hizo zilikuwa zimekombolewa zote. Wapo waliolalamika kwamba walilipia hasara isiyowahusu. Hata hivyo kila mmoja alijua kiasi alichokatwa, na alikuwa na hati ya kudai.

Upande mwingine kuna Mt. Gox, soko lililokuwa Tokyo, Japani. Lilianguka Februari 2014 likitangaza kupotea kwa bitcoin zipatazo 850,000, ingawa kama 200,000 zilipatikana baadaye. Wenye mali walianza kurudishiwa bitcoin mwezi Julai 2024. Ni miaka kumi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza soko likianguka alikuwa sekondari kabla mzazi wake hajapata kitu.

Kenya nayo ina funzo lake, japo si la tokeni. Imperial Bank ilipowekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015, wenye amana hawakuambiwa wapige foleni na wa kwanza abebe kadiri awezavyo. Waliolipwa mwanzo ni wenye amana ya hadi shilingi milioni 1, na wenye zaidi ya hapo walipata sehemu hiyo kwanza kabla ya kungoja iliyosalia. Wazo lilikuwa rahisi: mwenye kidogo hana pa kuegemea, basi aanze yeye.

Hesabu ya watu wanne

Chukueni mfano wa kubuni, wenye hesabu ndogo. Mfuko una watu wanne. Mama muuza mboga ana tokeni 1,000. Mwendesha boda boda ana 2,000. Mwalimu ana 3,000. Mfanyabiashara wa miraa ana 14,000. Jumla ni 20,000. Mdukuzi anaiba 12,000, zinabaki 8,000.

Njia ya kwanza ni ya anayewahi. Mfanyabiashara ana simu nzuri na mtandao wenye kasi. Anapata habari saa nane usiku na kutoa zote 8,000. Asubuhi wenzake wanakuta mfuko mtupu. Hajaiba, maana alikuwa na 14,000 zake. Lakini hasara yote iliyobaki imewaangukia walio nyuma. Ndivyo inavyokuwa mahali pasipo na kanuni.

Njia ya pili ni kugawa sawa kwa kila kichwa, yaani 2,000 kila mtu. Inasikika kuwa ya haki, lakini mama aliyeweka 1,000 ataondoka na mara mbili ya alichoweka, na wa boda boda hatahisi kabisa kwamba kuliibwa. Pia ina hatari kubwa mtandaoni. Katika kikundi cha kijijini watu wanajuana kwa sura na kwa mlango. Mtandaoni mtu mmoja anaweza kufungua pochi hamsini na kuhesabiwa vichwa hamsini.

Njia ya tatu ni ya kiwanda cha kahawa: kila mtu kwa kilo zake. Zimebaki asilimia 40, basi kila mmoja apate asilimia 40 ya alichokuwa nacho. Mama anapata 400, boda boda 800, mwalimu 1,200 na mfanyabiashara 5,600. Hapa kufungua pochi nyingi hakumsaidii mjanja, kwa kuwa jumla yake haibadiliki. Ubaya wake ni kwamba asilimia 60 haiwaumi watu sawasawa. Kwa mfanyabiashara ni mtaji uliopungua. Kwa mama huenda ni karo ya muhula.

Njia ya nne inaunganisha haki hizo mbili. Kwanza kila mtu arudishiwe hadi tokeni 1,000. Hapo zinatoka 4,000. Nyingine 4,000 zigawanywe kwa uwiano wa madai yaliyobaki. Mama analipwa 1,000 yake yote. Boda boda anapata 1,250, mwalimu 1,500 na mfanyabiashara 4,250. Mwenye nyingi bado anapata nyingi kuliko wote, na mwenye kidogo hajafilisika. Sharti lake ni moja: majina ya wanachama yajulikane kwa vitambulisho, la sivyo mjanja atagawanya mali yake katika pochi nyingi ili kila moja ilipwe kiwango cha chini.

Kwa kikundi ambacho watu wake wanajuana, njia ya nne ndiyo yenye utu zaidi. Kwa umati wa mtandaoni usiojuana, njia ya kilo ndiyo salama.

Saa ya kuhesabu

Kanuni ya mgao haitoshi. Lazima pia ijulikane hesabu inachukuliwa ya saa ngapi.

Wizi ukitangazwa, bei ya tokeni huanguka. Wenye hofu huuza kwa bei ya kutupa, na wenye fedha hununua wakitarajia kulipwa kama wenye mali wa zamani. Ikihesabiwa hali ya baada ya wizi, aliyenunua jana analipwa kama aliyeweka akiba mwaka mzima. Ikihesabiwa hali ya kabla peke yake, aliyenunua kwa nia njema baadaye hapati kitu.

Jambo hili lilijitokeza Mei 2022 sarafu za Terra zilipoporomoka na kuteketeza mabilioni ya dola za watu. Waendeshaji wake walipotoa tokeni mpya mwishoni mwa mwezi huo, walitumia hesabu mbili: ya kabla ya mporomoko na ya baada yake, kila kundi na sehemu yake. Wenye tokeni chache waliruhusiwa kutumia sehemu ya mgao wao mara moja, na wenye nyingi mno wakasubirishwa. Mpangilio ulikuwa na mantiki. Hata hivyo tokeni mpya nayo ilishuka thamani vibaya tangu siku ya kwanza. Funzo ni kwamba mgao mzuri wa kitu kisicho na thamani haujazi sufuria. Kanuni hulinda haki ya mtu katika kilichobaki; haiwezi kurudisha kilichokwisha.

Kwa kikundi kidogo, saa inayofaa ni ile ya mwisho kabla ya wizi kuanza. Daftari la mtandao huweka tarehe na saa ya kila muamala, kwa hiyo saa hiyo inaweza kupatikana na kila mwanachama akajionea.

Nani aamue

Wazee wa Njuri Ncheke hawaamui kesi kwa kusikia upande mmoja, na mgao wa mali iliyoibwa ni kesi. Mweka hazina mwenye tokeni nyingi asipange hesabu akiwa peke yake. Orodha ya madai isomwe mbele ya wote, au ibandikwe wanapoweza kuiona, na zitolewe siku za kutosha za kupinga. Asiyehudhuria kwa sababu ya ugonjwa au safari asipoteze haki yake. Na iandikwe mapema kwamba mali ikipatikana baadaye, itagawanywa kwa kanuni ile ile. Marekani ilizinasa zaidi ya bitcoin 94,000 za wizi wa Bitfinex mwezi Februari 2022, zaidi ya miaka mitano baada ya wizi. Mali iliyopotea inaweza kurudi, na ikirudi bila kanuni huleta ugomvi mpya.

Yote haya huwa mepesi kabla ya wizi na mazito baada yake. Kabla ya wizi hakuna anayejua atakuwa nani katika mfano ule: mama, mwalimu au mfanyabiashara. Kwa hiyo kila mmoja huchagua kanuni ambayo angeivumilia akiwa yeyote kati yao. Baada ya wizi kila mmoja anajua nambari yake, na huitetea hiyo.

La kufanya sasa

Kikundi chenye tokeni, au kinachofikiria kuziweka, kiitishe mkutano na kuandika mambo manne katika katiba yake: hesabu itachukuliwa ya saa ipi, kilichobaki kitagawanywa kwa kanuni gani, nani atasikiliza malalamiko, na kitakachopatikana baadaye kitakwenda kwa nani. Uamuzi uwekwe kwenye kumbukumbu na kutiwa sahihi. Vikundi vya kijamii husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2022 kupitia ofisi za Maendeleo ya Jamii, na usajili wenyewe unahitaji katiba. Hapo ndipo pa kuyaandika.

Wanachama wajue pia kwamba tokeni si amana ya benki. Kinga ya KDIC ya hadi shilingi 500,000 kwa mwenye amana haizihusu. Benki Kuu ilitoa tahadhari kuhusu sarafu hizi tangu Desemba 2015. Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayowaweka chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kabla ya kuweka hata shilingi moja, muulizeni anayewashawishi kama ana leseni, na aionyeshe.

Wizi ukitokea, pigeni ripoti kwa polisi na DCI, na mhifadhi rekodi za miamala. Kisha mjihadhari na watu watakaopiga simu wakidai wanaweza kurudisha tokeni mkiwalipa ada kwanza, au mkiwapa maneno ya siri ya pochi. Huyo ni mwizi wa pili anayefuata nyayo za wa kwanza.

Mkulima hangoji stoo ivunjwe ndipo aulize kilo zake ziliandikwa wapi. Kikundi nacho kisingoje. Karatasi moja iliyotiwa sahihi mapema inaweza kumwokolea yule mama tokeni zake 1,000, na kuwawezesha wenzake kukaa naye meza moja mwezi unaofuata.